Majibu ya Damu Yahitaji Mtu wa Kuyaeleza

Desturi ya wachumba kupima damu kabla ya kufunga ndoa inazidi kuenea katika miji yetu, na ni desturi njema ambayo kila mpenda maendeleo anapaswa kuiunga mkono. Zamani wazee walichungua ukoo. Wakisikia kwamba upande wa pili kuna kifafa au ukoma, posa ilikataliwa kwa maneno ya adabu na kila mtu akaenda zake. Leo kazi ile ya kuchungua ukoo imehamia maabara. Masheikh na wachungaji wanawahimiza vijana wapime, na maabara zinazoshughulika na vinasaba vya uzazi, za hapa nchini na za ng'ambo zinazopelekewa damu kwa ndege, zinajitangaza waziwazi.

Sina ugomvi na vipimo. Ninachotaka kukijadili leo ni yule mtu aliyeketi nyuma ya dirisha, au upande wa pili wa simu, pale mwananchi anapouliza: majibu haya maana yake nini? Maabara humwita mhudumu wa wateja, na kwa jinsi anavyofunzwa ungedhani maabara inauza saruji.

Mwaka 2019 nilikuwa mshenga wa mtoto wa ndugu yangu, mwalimu wa shule ya msingi, aliyemposa mwalimu mwenzake. Nusu ya mahari ilikwisha kupokewa na siku ilikwisha kutajwa. Mchungaji akawashauri wapime selimundu. Wakaenda katika maabara moja binafsi, wakalipia kile kilichoitwa kifurushi cha wachumba, wakatolewa damu. Siku ya tatu kila mmoja akapata majibu kwenye simu yake ya mkononi. Ya binti yalisema hasi. Ya kijana yalisema chanya. Chini yake hapakuwa na neno jingine ila nambari ya huduma kwa wateja.

Kijana yule, aliyekuwa akicheza mpira kila Jumamosi, usiku ule hakula. Asubuhi nikaichukua ile nambari nikapiga mwenyewe.

“Shikamoo mzee,” alinijibu binti mmoja kwa sauti ya upole kabisa.

“Marahaba mwanangu. Nina majibu ya selimundu hapa, yameandikwa chanya. Nataka kujua: kijana huyu ni mgonjwa, au amebeba tu?”

“Naomba nambari ya sampuli, mzee.” Nikamsomea. “Ndiyo, majibu yameshatoka. Ni chanya.”

“Hilo ninaliona. Maana yake nini?”

“Maana yake ipo, mzee.”

“Ipo nini?”

“Selimundu. Kwa maelezo zaidi amwone daktari wake.”

“Daktari gani, mwanangu? Alikuja kwenu moja kwa moja.”

“Basi aende hospitali yoyote iliyo karibu naye. Kuna kitu kingine nikusaidie, mzee?”

Hakuwa na kosa la adabu. Lakini alinipa neno “ipo”, na mimi kama mshenga mwaminifu nikalichukua neno hilo mpaka kwa wazazi wa binti. Baba yake alikuwa amemzika mdogo wake kwa ugonjwa huo huo. Hakuniuliza swali la pili. Mahari ikarudishwa.

Wiki kadhaa baadaye, katika hospitali ya umma, muuguzi mmoja wa makamo alituketisha akatueleza kwa kalamu na karatasi kwa muda wa robo saa. Kipimo walichofanyiwa wale vijana ni kile cha haraka, ambacho huonyesha tu kwamba katika damu imo himoglobini ya aina ya S. Hakiwezi kumtenganisha mgonjwa na mtu mzima wa afya aliyerithi kinasaba kimoja tu kutoka kwa mzazi mmoja. Ili kuwatenganisha, damu huingizwa katika kipimo cha pili, kile cha kuzigawa aina za himoglobini kwa nguvu ya umeme. Kijana akapimwa upya, akawa AS. Binti alikwenda peke yake kupima, akawa AA. Wangalizaa watoto kumi, asingalipatikana hata mmoja wa kuugua selimundu. Lakini binti alikwisha kuomba uhamisho na kuondoka wilayani, na ndoa ile haikufungwa.

Simlaumu binti wa simu. Yeye alifundishwa kutafuta nambari ya sampuli, kusema kama malipo yameingia, na kumaliza mazungumzo kwa heshima. Lawama ni ya mwajiri wake, aliyejua kwamba kifurushi chake kina hatua mbili, akauza ya kwanza, na hakuona haja ya kumwambia mnunuzi kwamba ipo ya pili.

Kwa kuwa wasomaji wengi wa ukurasa huu ni walimu, na wengine ni watumishi wanaoulizwa mambo haya na majirani zao, naomba nilirudie somo la muuguzi yule. Kila mtu ana vinasaba viwili vya himoglobini, kimoja cha baba na kimoja cha mama. Mwenye A mbili hana habari ya selimundu. Mwenye A moja na S moja ni mbebaji, si mgonjwa. Mwenye S mbili ndiye mgonjwa, ambaye chembe nyekundu za damu yake hujikunja mfano wa mundu, zikaziba mishipa midogo na kuleta maumivu na upungufu wa damu. Wabebaji wawili wakioana, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuleta mtoto mgonjwa. Nasisitiza: kila mimba. Nimewasikia watu wenye shahada wakisema kwamba maadamu mtoto wa kwanza ameugua, watatu watakaofuata wamesalimika. Mimba haina kumbukumbu. Ya nne haijui ya kwanza ilikuwaje. Kosa hilo moja la hesabu limewaumiza wazazi wengi, na kulisahihisha ni kazi ya dakika mbili kwa mtu anayejua.

Wala asitokee wa kumnyoshea mwanamke kidole. Kinasaba cha S kimeenea katika nchi zetu kwa sababu wabebaji wake walipona malaria kali kuliko wenzao utotoni, jambo ambalo daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alilichapisha mwaka 1954 baada ya kuchunguza damu za watu wa Afrika Mashariki. Ni ngao ya mababu zetu, yenye gharama yake. Na gharama hiyo kwa Tanzania ni kubwa: makadirio yanayotumiwa na wataalamu ni kwamba kila mwaka huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye ugonjwa huu. Katika kanda ya Ziwa, uchunguzi wa damu za watoto wachanga umeonyesha kwamba takriban mtoto 1 kati ya 5 ni mbebaji. Hebu mwalimu wa Mwanza au Geita atazame darasa lake la wanafunzi 50 na afanye hesabu.

Kwa hiyo maabara hizi zitaongezeka, na ni vizuri ziongezeke. Lakini nchi zilizotutangulia zimekwisha kuonyesha nini hutokea damu inapopimwa kwa wingi na maelezo yakawa haba.

Mwaka 1972 serikali ya Marekani ilipitisha sheria ya kupambana na selimundu, baada ya majimbo kadhaa kuanza kuwalazimisha watoto wa shule au wachumba wenye asili ya Afrika wapimwe. Nia ilikuwa njema. Lakini majibu yalitolewa bila mtu wa kuyaeleza, na matangazo mengine yaliwachanganya wabebaji na wagonjwa wakawa kundi moja. Watu wenye afya kamili wakatozwa bima ya juu, wengine wakanyimwa kazi. Chuo cha Jeshi la Anga la nchi hiyo kiliendelea kuwakataa vijana wabebaji mpaka mwaka 1981. Kosa lilikuwa lile lile la binti wa simu, ila sasa lilikuwa limevaa sare ya serikali.

Katika mji wa Orchomenos, Ugiriki, ambako selimundu ipo kwa wingi, wananchi walipimwa wakaambiwa hali zao ili wabebaji wasioane wenyewe kwa wenyewe. Wachunguzi waliporudi katika miaka ya 1970 walikuta wabebaji wamegeuka watu wa kutengwa katika soko la posa, na wengi walikuwa wakificha majibu yao. Wapo waliooana wabebaji kwa wabebaji, kama vile hakuna aliyepima. Hapo utaona kwamba hata majibu sahihi huweza kuharibika yakimfikia mtu kama hukumu.

Ipo nchi iliyofanya vizuri zaidi, nayo ni kisiwa cha Kupro, chenye ugonjwa mwingine wa damu wa kurithi uitwao thalasemia. Mwaka 1983 Kanisa la Kiothodoksi la huko lilianza kudai cheti cha kupimwa kabla ya kubariki ndoa. Mtazame uhodari wa cheti hicho: hakisemi fulani ni mbebaji au si mbebaji. Kinasema kwamba wahusika wamepimwa na wamepewa ushauri. Padri hajui majibu; anajua tu kwamba wawili hawa wameketi mbele ya mtu aliyewaeleza. Uamuzi hubaki kwao. Nakiri kwamba watoto wenye thalasemia walipungua karibu kwisha kisiwani humo kwa sababu pia ya wazazi kupima mimba na kuzikatiza, jambo ambalo sheria zetu na imani za wengi wetu hazilipokei. Hatulazimiki kuiga hilo. Cheti chao, hata hivyo, kingeweza kutafsiriwa kesho na kutumika katika kila kanisa na kila msikiti wa nchi hii.

Nirudi kwenye dawati la maabara, kwa maana mambo yamezidi kuwa magumu kuliko selimundu. Wapo sasa wake za watumishi, na watumishi wenyewe, wanaopelekewa damu ng'ambo wakiwa wajawazito ili kuchunguza vinasaba vya mtoto vinavyoelea katika damu ya mama. Elimu hiyo ilianza mwaka 1997, pale Dennis Lo na wenzake walipovigundua vinasaba hivyo, na tangu mwaka 2011 imekuwa biashara. Hospitali hutoa damu, shirika la ndege huisafirisha, maabara huipima, na majibu hurudi kwa Kiingereza cha kitaalamu. Ukiuliza hospitali, unaambiwa waulize maabara. Ukiiandikia maabara, unajibiwa umuulize daktari wako. Mwananchi anazungushwa kama mtu aliyefuata faili lake la malimbikizo ya mshahara, na huku siku za mimba zinahesabika.

Tatizo ni kwamba kipimo hiki ni cha kuchuja. Majibu yake yanasema “kuna shaka kubwa” au “kuna shaka ndogo”, na yule mwenye shaka kubwa hana budi kuthibitishwa kwa kipimo kingine, kama cha maji ya uzazi. Kwa hitilafu zile adimu sana, wengi wa wanaoambiwa wana shaka kubwa huwa na watoto wazima. Mwezi Aprili 2022 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba wapo wajawazito na waganga wanaofanya maamuzi mazito kwa kutegemea majibu ya kuchuja peke yake. Ikiwa onyo hilo lilihitajika katika nchi ambayo tangu mwaka 1969 ina chuo kinachofundisha washauri wa vinasaba hadi shahada ya uzamili, kwetu lingehitajika mara ngapi?

Basi mwananchi afanyeje akiwa na maabara ya namna hii? Kwanza, aliulize dawati lake kabla ya kulipa. Aulize: kipimo hiki kinachuja au kinathibitisha? Kikisema ndiyo, hatua ya pili ni ipi, inafanyika wapi, na ni nani atakayenieleza? Mhudumu anayebabaika katika maswali haya kabla hajapokea fedha hatayajibu akikwisha kuzipokea. Aulize pia kisichopimwa. Karatasi inayosema hasi kwa selimundu ya S haisemi kitu juu ya himoglobini ya aina ya C wala juu ya thalasemia, na mbebaji wa S akioana na mbebaji wa moja ya hizo anaweza kupata mtoto mgonjwa.

Halafu mwananchi naye aseme kweli. Dawati likiuliza kama umeongezewa damu miezi ya karibuni, si udadisi. Damu ya mtu mwingine ikiwa bado mwilini mwako, kipimo cha himoglobini huweza kuisoma hiyo badala ya yako. Likiuliza umri wa mimba kwa majuma, usikisie ili uwahi ndege, kwani kabla ya juma la 10 vinasaba vya mtoto katika damu ya mama huwa haba na kipimo huweza kukosa jibu. Likitaka damu ya mama pamoja na maji ya uzazi, usidhani ni njama ya kuongeza bili: ni kuhakikisha kwamba walichokipima ni cha mtoto, wala si chembe za mama zilizochanganyika. Nimewahi kumsikia bwana mmoja, mkuu wa idara, akimfokea karani wa maabara kwa swali hilo mbele ya foleni nzima. Karani ndiye aliyekuwa sahihi, lakini hakujua kwa nini yuko sahihi, akanyamaza.

Na jambo ambalo lilinipita mimi mwenyewe siku ile, mpaka rafiki yangu mwanasheria aliponikumbusha: binti wa simu hakuniuliza mimi ni nani. Nilimtajia nambari, akanipa majibu ya damu ya mtu mzima ambaye hakunituma kwa maandishi. Nikayabeba mpaka nyumba ya pili. Sheria ya Kudhibiti Vinasaba vya Binadamu ilikuwepo tangu mwaka 2009, na mwaka 2022 Bunge likapitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, inayozihesabu taarifa za vinasaba kuwa miongoni mwa taarifa nyeti na kuweka masharti juu ya kuzipeleka nje ya nchi. Sheria ni nzuri. Lakini anayezitekeleza au kuzivunja, saa mbili asubuhi, ni yule aliyeshika mkono wa simu. Naungama kwamba katika mkosi ule mimi nilikuwa mshiriki wake.

Watatokea watakaosema kwamba hatuna washauri wa vinasaba wa kutosha, na kwamba maabara ndogo haiwezi kumwajiri mtaalamu wa namna hiyo. Ni kweli kwamba ni wachache. Lakini somo nililopewa na muuguzi yule halikuhitaji shahada ya uzamili. Lilihitaji robo saa, karatasi, na mtu aliyejizoeza kusema kwa Kiswahili kinachoeleweka. Hospitali ya Taifa Muhimbili imekuwa ikiwahudumia na kuwachunguza wagonjwa wa selimundu katika mpango maalumu tangu mwaka 2004. Ujuzi umo nchini. Wauguzi na wakunga wastaafu wamo pia, tena wengi wakiwa na nguvu zao, wakikaa barazani. Maabara inayoweza kulipia matangazo barabarani haiwezi kushindwa kumweka mmoja wao kwenye dawati na kumpa mafunzo ya majuma machache.

Walimu nao wana sehemu yao. Urithi wa vinasaba hufundishwa katika biolojia ya sekondari, kwa mbaazi na rangi za maua, na mwanafunzi hufaulu mtihani bila kujua kwamba ile hesabu ya 1 kati ya 4 ndiyo atakayoikuta kwenye karatasi ya posa yake. Mwalimu akiifundisha mara moja kwa AS na AS badala ya ua jekundu na jeupe, hatakuwa amevunja muhtasari wowote.

Ninaloliomba kwa serikali ni dogo. Maabara yoyote inayopima vinasaba vya uzazi, au inayokusanya damu kwa niaba ya maabara ya ng'ambo, ilazimishwe kuandika majibu kwa Kiswahili, kutaja aina ya kipimo na hatua inayofuata, na kumweka mtu mwenye ujuzi wa tiba nyuma ya ile nambari iliyochapishwa chini ya karatasi. Majibu yenye kuhitaji maelezo yasitumwe kwa simu kabla mhusika hajaitwa. Bodi ya Maabara Binafsi za Afya ina mamlaka ya kukagua. Wakaguzi wake watazame mashine, na watazame friji na vitabu, kama kawaida. Kisha, kabla ya kutia sahihi, mmoja wao atoke nje, aipige ile nambari ya huduma kwa wateja kama mwananchi wa kawaida, na aulize nililouliza mimi: kijana huyu ni mgonjwa, au amebeba tu?